Kiti cha Bibi

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, nyuma ya Mnara wa Saa jijini Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli. Ngazi zake zilikuwa za mbao na zililia kila zilipokanyagwa, kwa hiyo mteja tulimjua kabla hatujamwona. Aliyepanda taratibu na kupumzika katikati, Mzee, mkuu wetu, alimsogezea kiti chenye mikono. Aliyepanda mbilimbili alimwacha kwanza asimame, atazame michoro iliyobandikwa ukutani mpaka pumzi zimrudie. Niliingia pale Februari 1994, nimetoka chuoni, nina umri wa miaka 26, nikiamini kwamba kazi ya mbunifu majengo huanzia kwenye karatasi.

Karatasi kweli zilikuwepo. Meza tatu kubwa za kuchorea zilipangwa kufuata dirisha, maana mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme na mwanga wa kutegemea ulikuwa wa jua. Tulichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi ya trasi, ile ngumu inayopitisha mwanga kama ganda la kitunguu. Ukikosea, mpira haukusaidii. Unachukua wembe, unaushika kwa pembe, unaparuza wino polepole mpaka mstari utoke bila karatasi kutoboka, kisha unasugua mahali pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine ya kutolea nakala, na amonia yake ilikamata koo na kutoa machozi. Hadi leo nikisikia harufu ile nakumbuka saa nne za asubuhi, muuza kahawa akigonganisha vikombe barabarani na honi ya treni ikilia kutoka stesheni.

Sote tulimwita Mzee, na wateja nao walimwita hivyo hivyo. Alikuwa katika kazi hii tangu miaka ya 1960. Kila mteja mpya alimfungulia daftari la shule, lile la mistari, na kwa majuma ya mwanzo daftari hilo halikuwa na mchoro hata mmoja. Lilikuwa na maneno tu. Penseli ya kuchorea ilikaa kwenye mfuko wa shati lake, na sijawahi kumwona akiitoa mbele ya mteja siku ya kwanza.

Mama alikuja mwezi wa Machi, masika yakianza kunyesha. Nitamwita Mama, kama nilivyomwita siku zote. Alikuwa muuguzi aliyestaafu baada ya miaka mingi ya wodini, amepata kiinua mgongo chake, na alikuwa na kiwanja Tabata cha mita 20 kwa 30. Alitoa ndani ya pochi ukurasa uliokatwa kwenye jarida la ng'ambo na kukunjwa mara nne. Ilikuwa picha ya nyumba ya Ulaya: vioo kutoka sakafuni mpaka darini, paa lenye mwinuko mkali, bomba la moshi la matofali, na mbele yake majani ya kijani yasiyo na unyayo wa mtu.

"Nataka hii hii," alisema. "Vyumba vinne, na sebule kubwa."

Mimi nilikuwa nimeshavuta karatasi. Mzee aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, humu umependa nini?"

Mama alinyamaza. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha akasema, "Naona kama watu wa nyumba hii hawagombani."

Mzee aliandika maneno hayo daftarini kama yalivyotoka. Halafu akaanza kuuliza, na hakuuliza habari za vyumba. Aliuliza nani huamka wa kwanza nyumbani kwake, na saa ngapi. Maji hutoka bombani siku gani, na yakitoka yanajazwa kwenye nini. Mgeni akija ghafla chakula kikiwa jikoni, anakaribishwa wapi. Mume wake hukaa wapi jioni. Watoto wakiugua hulala na nani. Aliuliza pia, kwa sauti ya chini na baada ya kumwomba radhi, ukitokea msiba nyumbani kwao wanawake hukaa upande upi na wanaume upande upi, na jeneza hupitia mlango gani. Mama alijibu yote. Alipofika kwenye msiba alijibu akitazama mikono yake, na nikaelewa kuwa ulikuwa umepita karibuni.

Alipoondoka, Mzee alinigeukia. "Kesho kutwa nenda kwake Ilala. Fika kabla ya jua, uondoke taa zikizimwa. Rula iache hapa."

Nilifika saa kumi na moja alfajiri, na niliona nimechelewa. Mama alikuwa ameamka saa kumi kukanda unga wa maandazi, kazi aliyoianza baada ya kustaafu, na karai lilikuwa tayari motoni. Nyumba yao ilikuwa ile tuliyozoea kuiita nyumba ya Kiswahili, aina iliyojaa Ilala na Kariakoo: mlango wa mbele unaingia kwenye ukumbi mwembamba unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na nyuma yake uani, penye jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Mbele barabarani kuna baraza. Vyumba vitatu alikaa Mama na watu wake, vingine vilikuwa na wapangaji.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu nyumba hujengwa kwa kuogopa baridi: dirisha dogo, mlango unafungwa mapema, watu wanasogelea moto. Nyumba ya pwani sikuwa nimeikalia kutwa nzima, nilikuwa nimeipita tu. Siku ile nilikalishwa ukumbini kando ya Bibi, mama yake Mama, mwanamke mzee sana, miguu yake imevimba, macho mazima kabisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nikae, na tukakaa.

Ilinichukua hadi saa nne kuona kile nilichotumwa kuona. Bibi hakuwa amekaa popote tu. Kigoda chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, pale unapofunguka kuelekea uani. Kutoka pale alimwona kila aingiaye kwa mlango wa mbele, na akigeuza shingo kidogo alikiona chungu jikoni. Upepo uliingia mlango wa mbele ukampitia yeye ndipo ukatoka. Watoto wote watano wa nyumba ile walipita mbele yake wakitaka kwenda popote. Aliyevaa sare chafu alirudishwa. Aliyebeba kitu chini ya shati aliulizwa. Jirani wa kike alipokuja kuomba kisu aliingia kwa mlango wa uani bila kubisha hodi ya pili, akamsalimu Bibi, akachukua kisu, akaondoka. Mjomba aliyetoka Kilwa alipokuja alipitia barazani, akakaa na Babu, mume wa Mama, na kahawa ikapelekwa huko huko. Mimi mwenyewe asubuhi nilipofika niliwekwa kwanza barazani, nikaletewa soda kwenye kisahani. Wanaokuja kwa mlango wa mbele ni wageni. Wa mlango wa uani ni watu wa nyumbani.

Mchana moshi ulibadili mwelekeo ukaingia ukumbini, na kila mtu alihamisha kitu chake bila kusema neno: msichana aliyekuwa juu ya mbuzi akikuna nazi alisogea, mtoto mchanga alihamishwa mkeka, Bibi akafunika uso kwa kanga. Niliandika: moshi, mara tatu. Usiku watoto walitandika mikeka ukumbini wakalala pale pale, ingawa chumba chao kilikuwa na kitanda. Nilipouliza kwa nini, mkubwa wao alinijibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Chumbani hakuna hewa."

Nilirudi na kurasa 11 za maandishi. Na bado, nilipoachiwa kuchora rasimu ya kwanza, nilichora nyumba ya kwenye picha. Niliipunguza vioo, nikaondoa bomba la moshi, lakini ilikuwa ile ile: boma moja lenye kila kitu ndani, sebule katikati, jiko lenye vigae karibu na chumba cha kulia, vyumba viwili vyenye madirisha mapana ya magharibi, kwa sababu upande huo kiwanja kilitazama bonde zuri. Niliifanyia pia kielelezo kidogo cha kadibodi. Nilikipenda sana.

Mzee hakusema kitu. Alisubiri mpaka saa kumi jioni, akakibeba kile kielelezo, tukapanda juu ya paa la jengo. Alikiweka kwenye ukingo wa zege, akakigeuza ili kaskazini ya kwenye mchoro ilingane na kaskazini ya kweli, kisha akakifunua paa lake dogo. Jua la magharibi lilikuwa limeingia kwa dirisha nililolipenda, likalala juu ya kipande cha karatasi nilichokikata kuwa kitanda. Mraba wa njano, ukubwa wa stempu. Tulisimama pale tukautazama ukisogea. Ulitoka kitandani ukapanda ukutani, na ukuta ule, alinieleza, utakunywa joto hilo mpaka magharibi na kulitoa usiku kucha juu ya mtu aliyelala.

"Umemwona Bibi kwenye mchoro wako?" aliniuliza tukishuka.

Sikuwa nimemchora. Katika nyumba yangu hapakuwa na mahali pa mtu kukaa akaona mlango na jiko kwa pamoja.

Juma lililofuata alinipeleka Soko la Kariakoo, si kununua kitu, kutazama. Soko lile ni kazi ya mbunifu Beda Amuli, na lilijengwa nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Mzee alinisimamisha chini ya ile miamvuli mikubwa ya zege iliyobebwa na nguzo ndefu, akaniambia nisitazame juu kwanza, nitazame watu. Mchuuzi wa ndizi alikuwa kivulini na upepo unampata. Mizigo ilishukia shimoni, kule chini, haikugongana na mama mwenye kapu. Hewa ya moto ilipanda ikatokea juu. "Amuli alijua soko ni nini," alisema Mzee. "Ni watu wanaotafuta kivuli wafanye biashara. Akawajengea kivuli." Kwangu mimi lile ndilo jengo bora kuliko yote yaliyojengwa Dar es Salaam baada ya Uhuru, na moto ulipolipitia Julai 2021 nilikaa siku nzima sikuweza kufanya kazi.

Tulianza upya. Safari hii Mzee alitoa penseli. Kwenye karatasi safi aliweka nukta moja, akaandika kando yake: Bibi. Halafu akaniuliza, akiwa amekaa hapo, mkono wa kulia anaona nini? Jiko. Mkono wa kushoto? Mlango wa uani. Mbele yake? Njia inayotoka kwenye mlango wa barabarani. Akachora mistari mitatu kutoka kwenye ile nukta, na nyumba ikaanza kujipanga yenyewe kuizunguka mistari hiyo. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile, na sijaona mwanzo wa mchoro uliokuwa sahihi zaidi.

Nyumba ikawa mabanda matatu yanayouzunguka ua. Banda la vyumba vya kulala lilikaa kaskazini, na mbele yake veranda inayotazama uani, ndipo palipo kiti cha Bibi. Banda la sebule na chumba cha wageni lilikaa kusini, upande wa barabara, limekatwa katikati na njia nyembamba kama ukumbi wa nyumba ya Ilala, ili upepo upite. Mashariki palikuwa na ukuta tu wenye matofali ya matundu na mlango wa uani. Jiko, stoo, bafu na choo vilipangwa mstari mmoja magharibi, na hapo ndipo nilipoona akili ya yule mzee. Pepo zetu mbili kubwa, kusi na kaskazi, zote zina upande wa mashariki ndani yake: moja hutoka kusini mashariki, nyingine kaskazini mashariki. Jiko likikaa magharibi, moshi hutoka nje ya nyumba mwaka mzima. Tena jua kali la jioni hupiga kuta za stoo na bafu, ambamo hakuna anayelala. Uamuzi mmoja ulitibu moshi na joto pamoja.

Madirisha ya vyumba yalitazama kaskazini na kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huelemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, na pande zote mbili huwa juu sana angani. Upenu wa futi tatu unatosha kulizuia dirishani saa hiyo. Jua la magharibi huja limelala, na hakuna upenu unaoliweza.

Vipimo navyo nilijifunza upya. Nilikuwa nimechora vyumba kwa milimita za kupendeza machoni. Mzee alinikumbusha nyumba za mawe za Unguja na Lamu, kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba: kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, na fundi wa zamani aliheshimu boriti. Sisi boriti yetu ni tofali la saruji, inchi 18 kwa 9 kwa 6. Ukuta ukigawanyika kwa tofali zima, fundi hakati, hatupi vipande, na Mama hanunui matofali 100 ya kuvunjwa. Vivyo hivyo bati: upana wa banda ulipimwa kwa bati la futi 10, lifike bila kukatwa. Kwa mtu anayejenga kwa kiinua mgongo na maandazi, hesabu hiyo ni sehemu ya ubunifu sawa na dirisha.

Mchoro wa wino nilikabidhiwa mimi. Nilitumia siku tisa. Mama alikuja pamoja na Babu kuuona, na Babu alipanda ngazi polepole, kwa hiyo kile kiti kilikuwa tayari. Alikuwa mtu mpole, kofia ya viua kichwani, na mpaka siku ile hakuwa amesema lolote kuhusu nyumba. Nilieleza mchoro wote. Alisikiliza. Kisha akaushika, akaugeuza mezani mpaka barabara ya kwenye karatasi ikawa upande wa kusini, akaweka kidole juu ya choo.

"Mwanangu," alisema, "mtu akikaa hapa ameelekea wapi?"

Nilitazama. Kaskazini.

"Na kibla yetu iko wapi?"

Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Nilikuwa nimechora choo ambacho mtu atakitumia akiwa ameelekea kibla, katika nyumba ya watu wanaoswali mara tano kwa siku. Nililelewa katika Ukristo, na jambo hilo halikuwa limenipitia akilini, lakini hiyo haikuwa sababu: nilikaa kwao kutwa nzima, nilimwona Babu akitandika msala wake, nilijua alielekea wapi. Nilikuwa nimeliona na sikuliandika. Niliomba radhi. Babu akasema, "Karatasi hurekebishwa," akanywa maji yake.

Nilichukua wembe jioni ile. Choo kilikuwa na mistari kama 20 hivi, pamoja na bomba lake na mlango. Niliiparuza mmoja mmoja mpaka giza likaingia, mgao ukakata taa, nikamalizia kwa mshumaa. Nilikigeuza kikaelekea mashariki na magharibi. Tangu hapo kila daftari la mteja wangu lina ukurasa wa kwanza wenye swali la namna anavyoswali au kusali, na swali hilo hutangulia idadi ya vyumba.

Lilibaki suala la fedha, na hapa wengi wetu tunawapoteza watu. Dar es Salaam hakuna anayejenga nyumba mara moja, labda wachache sana. Mtu hununua matofali leo, nondo mwakani, anapaua akipata. Mchoro wa nyumba moja iliyoshikana humlazimisha kukaa kwa kupanga miaka kumi akisubiri paa, au kuhamia kwenye gofu. Yale mabanda matatu kila moja lilikuwa na msingi wake, lenta yake na paa lake. Kila hatua ingekamilika yenyewe, na ukuta mpya usingeunganishwa na wa zamani ukaja kupasuka kwenye kiungo. Mzee alimwonyesha Mama hatua hizo kwa vidole: kwanza vyumba viwili, veranda, jiko na choo. Kisha vyumba vingine viwili. Sebule mwisho.

"Sebule mwisho?" Mama aliuliza. Kwake ile picha ilikuwa sebule tu.

"Mama, maandazi unakaangia sebuleni?"

Alicheka, na wakakubaliana. Babu aliomba kitu kimoja, baraza ijengwe mapema, hata kabla ya nyumba inayoegemea. Ikajengwa. Kwa miaka kadhaa palikuwa na benchi la saruji kando ya barabara ya vumbi pale Tabata, limefunikwa kwa mabati manne, nyuma yake hakuna kitu, na wazee wanne juu yake wakicheza bao.

Nilikaa na Mzee miaka mitano. Wateja walikuwa wengi na si wote walikuwa kama Mama. Kulikuwa na aliyetaka nguzo za duara kama hekalu, akazipata, nyembamba kidogo. Kulikuwa na bwana mwenye wake wawili aliyetaka nyumba moja yenye pande mbili sawasawa, na Mzee alikataa kuanza mpaka azungumze na kila mke peke yake. Nilichora pande hizo sawa hadi inchi. Mzee akazitazama akasema upande mmoja unapata kusi na mwingine umekingwa na mwenzake, hapo hakuna usawa. Tukaugeuza mpango wote ili pande zote mbili ziupokee upepo kwa upana ule ule. Sijui kama yule bwana aliwahi kutambua kilichofanyika. Wake zake, naamini, walitambua tangu usiku wa kwanza.

Siku hizi ninawaona wenzangu vijana wakiuza ramani zilizochorwa tayari, mteja anachagua kwenye simu kama anayechagua kitenge. Siwalaumu wateja, ramani hiyo ni nafuu na inapatikana leo. Lakini haina kaskazini. Haijui kiwanja kinatazama wapi, haijui nani ana miguu inayovimba, na mtu akiijenga hukaa ndani yake akidhani joto ni la Dar es Salaam. Linaniuma jambo hili, kwa sababu siku moja ya kukaa ukumbini na daftari haina gharama kubwa.

Mama alihamia Tabata mwishoni mwa 1996, vyumba viwili na jiko. Bibi alibebwa kwenye kiti kutoka garini, akawekwa pale verandani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema mlango wa uani upakwe rangi. Alikaa mahali pale miaka mitatu, mpaka alipofariki. Msiba wake ulikuwa wa kwanza katika nyumba ile: wanawake walikaa uani, wanaume barazani na kwenye turubai barabarani, na jeneza lilitoka kwa ile njia ya katikati, ambayo wakati huo ilikuwa na msingi tu pande zote mbili. Mzee alikuwepo. Naye alifariki 2008, na madaftari yake ninayo mimi, 43.

Banda la sebule lilipauliwa 2003. Ile picha ya jarida Mama aliitia kwenye fremu, akaitundika humo.

Mara ya mwisho kwenda ilikuwa mwaka jana, mwezi wa Agosti, kusi inavuma. Babu ameshatangulia. Nilisimama mlango wa barabarani nikabisha hodi, nikamwona mwisho wa ile njia, ng'ambo ya uani, Mama mwenyewe, amekaa mahali pa mama yake, kanga mabegani, mkono wa kulia jikoni mjukuu anakaanga maandazi.

"Nani huyo anayebisha huko mbele kama mgeni?" aliita. "Zunguka, mwanangu, pita uani."

Nikazunguka ukuta, nikaingia kwa mlango wa uani. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani.